Jinsi ya kumfilisi mdaiwa kwa amri ya mahakama Sauzi, na hesabu ya kupiga kabla hujamwona wakili

"Dada, mi sitaki hata hela tena, nataka huyu mtu afilisiwe."

Hii kauli nimeisikia sana kwenye kaunta ya ofisi ya wakili niliyofanyia ukarani hapa Johannesburg, na anayeisema mara nyingi ni mtu wetu kabisa, Mtanzania au Mkongo wa Yeoville, kamkopesha mwenzie mzigo wa spea, jamaa kauza, kala hela, kazima simu. Nami jibu langu lilikuwa lile lile, kaa kwanza kaka, kama hela huitaki basi hii njia haikufai, maana jaji wa Sauzi hamfilisi mtu ili roho yako itulie, anamfilisi pale tu ambapo wadai wake wote kwa pamoja kuna kitu watapata. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya sheria yenyewe, na nusu iliyobaki ni makaratasi, ambayo nayo yana mitego yake.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Ufilisi namba 24 ya mwaka 1936, ndio, ya kabla ya vita ya pili ya dunia, na bado inafanya kazi mpaka leo ikiwa na viraka vingi. Wenyewe wanaita sikwestresheni. Mdaiwa akienda mwenyewe mahakamani kusema nimeshindwa, hiyo ni kujisalimisha kwa hiari. Mdai akienda kuomba mdaiwa afilisiwe, apende asipende, hiyo ndo ya lazima na ndo tunayoiongelea hapa. Inahusu mtu binafsi, ubia wa watu na hata trasti. Kampuni haimo humu, kampuni ina njia yake ya kufungwa chini ya sheria za makampuni, kwaiyo kitu cha kwanza kabisa toa ile invoisi yako uangalie unamdai nani, jamaa mwenyewe au kampuni yake. Nimeona mtu kaja na faili nene kama msahafu, kumbe invoisi zote zimeandikwa jina la kampuni na jamaa hajasaini popote kuwa mdhamini. Faili likarudi nyumbani na mwenye nalo.

Nani anaruhusiwa kuomba

Kifungu cha 9 kinataka uwe na deni la kiasi kinachojulikana, sio "kanitia hasara kubwa sana" bali namba kamili, na lisipungue randi 100 kama uko peke yako, au randi 200 kwa jumla kama mko wawili au zaidi. Usicheke, mwaka 1936 iliandikwa pauni 50, ilikuwa hela, hawakuwahi kuipandisha. Hukumu ya mahakama sio lazima uwe nayo, lakini ukiwa nayo unalala vizuri. Deni ambalo limeshaingia ila tarehe ya kulipa haijafika nalo linahesabika.

Ila kama mdaiwa analibishia deni kwa nia njema na ana sababu za maana, mfano anasema mzigo ulikuja umeoza na ana picha, basi hapa sio mahali pake. Hiyo wanaiita kanuni ya Badenhorst, toka kesi ya 1956, kwamba mahakama ya ufilisi sio uwanja wa kugombania deni lipo au halipo. Nenda kafungue kesi ya kawaida kwanza, upate hukumu, ndo urudi. Na angalia tarehe, deni la kawaida Sauzi linakufa baada ya miaka 3 kama hamna kilichosimamisha saa, wakati deni lenye hukumu linaishi miaka 30. Watu wanakaa wanabembelezana WhatsApp miaka 4 alafu ndo wanakuja.

Umeonaje kuwa kafilisika

Una njia mbili. Ya kwanza uonyeshe kweli kweli kwamba madeni yake yamezidi mali yake, na hii ni ngumu maana we hujui ana nini benki na anadaiwa na nani. Ndo maana karibu kila mtu anapita ya pili, matendo ya kufilisika, yapo kwenye kifungu cha 8, na ukithibitisha hata moja tu linatosha, huhitaji kuhesabu mali zake zote ili kuonyesha kafilisika.

Linalotumika sana ni lile la sherifu. Sherifu huku ndo kama dalali wa mahakama wa kwetu. Una hukumu, unachukua hati ya utekelezaji, sherifu anaenda kumgongea jamaa, anamwambia lipa, jamaa halipi na haonyeshi mali ya kutosha kukamata, sherifu anarudi anaandika ripoti yake. Hiyo ripoti wanaiita kwa Kilatini nulla bona, hamna mali. Karatasi moja tu, lakini isome neno kwa neno kabla hujafurahi. Sheria ina milango miwili pale. Mlango wa kwanza, sherifu kamkuta mdaiwa mwenyewe uso kwa uso, kamdai, kashindwa kulipa wala kuonyesha mali. Mlango wa pili, hakumkuta, ila katafuta na ripoti inasema hakuona mali ya kutosha. Sasa ripoti nyingi zinakuja zimeandikwa nusu nusu, "nimeongea na dada wa kazi akasema bosi katoka", basi, haisemi kama alitafuta mali wala nini. Hiyo haikusaidii, wakili wa upande wa pili ataichana mbele ya jaji. Mrudishe sherifu, lipa tena nauli yake, ni bei rahisi kuliko kutupiwa ombi zima.

La pili kwa kutumika ni la barua. Mdaiwa akimwandikia mdai wake yeyote kwamba hawezi kulipa deni lake lolote, hapo kajifunga. Akiomba makubaliano na wadai ili asamehewe deni lote au sehemu, nalo ni tendo. Yaani ile "kaka naomba tuongee, chukua robo tuyamalize" ikiwa kwa maandishi inaweza kuwa ndo ushahidi wako. Na hata akiweka juu yale maneno ya kisheria kwamba barua hii haiathiri haki zangu, Mahakama Kuu ya Rufaa mwaka 2015 kwenye kesi ya benki ya ABSA na Hammerle Group ilisema kukiri kwamba umefilisika hakujifichi nyuma ya maneno hayo. Tofauti iwekwe wazi, "sitaki kulipa" na "siwezi kulipa" sio kitu kimoja, na "nipe mpaka mwisho wa mwezi" peke yake majaji wanaigeuza geuza sana, kutegemea na maneno mengine yaliyoizunguka.

Yaliyobaki nayapita haraka: kukimbia nchi au kuhama nyumba ili kukwepa kulipa, kuhamisha mali ili wadai wasiipate, kumlipa mdai mmoja na kuwaacha wengine, na mengine mawili yanayohusu matangazo ya gazeti la serikali. Ila jamaa aliyeomba kupangiwa madeni yake upya kwa mshauri wa madeni, kuomba kule peke yake hakuhesabiki kama tendo la kufilisika, kifungu cha 8A kinamlinda.

Hesabu yenyewe

Sasa hapa ndo penyewe, na ndo watu wengi wanapoanguka. Unaweza kuwa na deni safi, na ripoti ya sherifu safi, na jaji akakutupa nje kwa sababu hujaonyesha kwamba kufilisi huku kutawafaa wadai. Wadai, sio wewe peke yako. Kipimo wanachokinukuu mpaka leo kinatoka kesi ya Meskin na Friedman ya 1948, kwamba pawe na matarajio ya maana, yasiyo ya mbali sana, kwamba wadai watapata faida fulani ya hela. Sheria haijataja senti ngapi kwa kila randi.

Chukua karatasi ufanye hivi, namba nakutungia tu za mfano. Jamaa ana nyumba, ikiuzwa kwa mnada inaweza kuleta 1,200,000. Benki inadai bondi, yaani mkopo ulioshikiliwa na nyumba hiyo, ya 950,000. Benki inachukua chake kwanza, inabaki 250,000. Gari analoendesha ni la mkopo, lisahau. Alafu toa gharama, mwanasheria wako, Masta (ofisa wa Mahakama Kuu anayesimamia mufilisi), trastii (anayekusanya mali ya mufilisi na kuwagawia wadai), matangazo, tuseme 110,000. Imebaki 140,000. Wadai wasio na dhamana jumla yao wanadai milioni moja. Kwaiyo kila mmoja anapata senti 14 kwa kila randi. We unayedai 60,000 unaondoka na 8,400. Sio nyingi, lakini ni faida, jaji anaweza kukubali.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, nyumba ilete 1,000,000. Baada ya benki imebaki 50,000, gharama ni ile ile 110,000. Pungufu ni 60,000. Unadhani nani anailipa? Kifungu cha 106 kinasema wadai waliothibitisha madai yao wanachangia, kila mtu kwa uzito wa deni lake. Umesoma vizuri, unachangia. Unamdai mtu, humpati, alafu unatoa hela mfukoni kulipia kufilisiwa kwake. Wajanja wanasema basi sithibitishi dai, nakaa pembeni. Wengine wanaweza, we uliyepeleka ombi huwezi, kifungu cha 14 kinasema aliyeomba anachangia kama vile kathibitisha, awe kathibitisha au la. Na kama wadai wenzio wote wamekaa pembeni, na benki imetegemea dhamana yake tu, zile 60,000 zote ni zako. Ndo ile hela uliyokuwa unaidai.

Kuna kaka mmoja nilimpigia hii hesabu akanyamaza kama dakika nzima, akaniambia dada naomba maji. Hakurudi tena, na nadhani alifanya vizuri.

Ila faida sio nyumba tu. Kama una sababu za msingi, sio umbea, za kuamini jamaa kaficha mali, hilo nalo ni hoja, maana akifilisiwa trastii anaweza kumweka kiti moto chini ya kiapo, na kurudisha mali alizogawa. Alimpa shemeji gari bure? Alimlipa rafiki mmoja kabla ya wengine ndani ya miezi 6 kabla ya kufilisiwa? Hayo trastii anaweza kuyafungua. Kwaiyo ukiwa na nakala ya hati inayoonyesha kiwanja kilihamishiwa jina la mama mkwe mwaka jana bila malipo, weka kwenye kiapo, ina uzito kuliko kurasa 10 za kulalamika.

Makaratasi

Ombi linaenda Mahakama Kuu tu, la mahakama ndogo hamna. Ya eneo analoishi mdaiwa au aliko na mali, au alikoishi au kufanya biashara ndani ya miezi 12 iliyopita. Kwenye hati ya kiapo weka jina kamili la mdaiwa, namba ya kitambulisho au tarehe ya kuzaliwa, ndoa yake ikoje na jina la mwenzie, deni ni kiasi gani na limetokana na nini, una dhamana au huna na ina thamani gani, na tendo gani la kufilisika. Suala la ndoa sio la kujaza tu fomu. Kama wameoana kwa mali ya pamoja mnafilisi mali ya wote wawili. Kama kila mtu na mali yake, bado mali ya mke au mume inaingia kwanza mikononi mwa Masta alafu trastii, mpaka mwenyewe athibitishe ni yake ndo aachiwe. Mnaomfilisi shemeji yenu mjue dada yenu naye ataamka asubuhi anaulizwa risiti za friji.

Kabla ya kupeleka unaenda kwa Masta wa Mahakama Kuu, yule ofisa anayesimamia mirathi na mufilisi, unaweka dhamana ya kulipia gharama mpaka trastii apatikane, anakupa cheti. Hicho cheti kisizidi siku 10 kabla ya tarehe ya ombi. Siku 10! Watu wanachukua cheti mapema kujionyesha wako tayari, alafu wakili anachelewa kumaliza kiapo, cheti kimeoza. Panga kiapo kwanza kiwe karibu kuiva, cheti kiwe cha mwisho mwisho. Nakala ya ombi lote unamwachia Masta pia, anaweza kuandika ripoti kwa jaji.

Alafu kugawa nakala: mdaiwa mwenyewe, mamlaka ya kodi ambayo ni SARS, chama cha wafanyakazi kama kipo, na wafanyakazi wenyewe. Kwa wafanyakazi unabandika ubao wa matangazo ndani ya jengo, kama huna njia ya kuingia unabandika geti la mbele, hamna geti basi mlangoni. Na usiseme "huyu hana biashara, ana mfanyakazi wa ndani tu". Mahakama ya Katiba ilishamaliza hilo Desemba 2014 kwenye kesi ya Stratford na benki ya Investec, wafanyakazi wa nyumbani nao ni wafanyakazi, wanatakiwa wapewe taarifa. Yule aliyebandika anaapa kiapo chake mwenyewe kusema alibandika wapi, lini, vipi. Sie tulikuwa tunatuma kijana na selotepu pana na simu, anapiga picha ya kwanza karatasi peke yake isomeke, ya pili kwa mbali namba ya nyumba ionekane. Siku ya upepo anapiga na ya tatu, baada ya kuongeza selotepu.

Kwa walioko Dar au Mombasa mnaodai mtu wa huku, mambo mawili ya ziada. Kiapo chako kikisainiwa nje ya Sauzi kinatakiwa kithibitishwe, na njia isiyo na ubishi ni kusaini kwenye ubalozi wa Afrika Kusini. Na kwa vile huishi huku na huna mali huku, upande wa pili unaweza kuomba uweke dhamana ya gharama za kesi, kwaiyo hiyo hela iandae kabisa.

Mahakamani

Amri inakuja mara mbili. Kwanza ya muda, hapo jaji anatosheka na mwonekano wa awali: deni lipo, tendo lipo, kuna sababu ya kuamini wadai watafaidika. Anaweka tarehe, mdaiwa aje aseme kwa nini isiwe ya mwisho. Siku hiyo ikifika kipimo kinapanda, jaji sasa anatakiwa aridhike kabisa, sio kuona kwa mbali. Ukipungukiwa anaweza kulitupa ombi au kuahirisha ulete zaidi. Na akiona ulikuja kwa ubaya tu, kumsumbua mtu au kumharibia jina, kifungu cha 15 kinamruhusu kukupiga fidia umlipe mdaiwa. Wanaopanga na shemeji zao wajifanye wanadaiana ili shemeji akimbie madeni yake mengine, majaji wanawajua, wanaita sikwestresheni ya kirafiki na wanaikagua kwa tochi.

Toka amri ya muda itoke, mali inamtoka mdaiwa inaenda kwa Masta, na trastii wa muda anaweza kuteuliwa. Kesi za madai dhidi yake zinasimama, sherifu aliyekuwa anakaribia kuuza anasimama. Kama we ndo ulikuwa na sherifu mlangoni tayari, fikiria mara mbili kabla ya kuomba, maana kile ambacho kingekuwa chako peke yako kinaingia kwenye sufuria la wote.

Mdaiwa hafungwi jela kwa hili, na kazi anaendelea kufanya, ila hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni wala kuingia mikataba itakayogusa mali ya ufilisi bila trastii kukubali. Baada ya miaka 4 kwa kawaida anaweza kuomba mahakama imsafishe, mapema zaidi Masta akimpendekeza, na asipoomba kabisa miaka 10 ikifika anasafishika mwenyewe, labda mtu awe ameomba mahakama izuie.

Na we kazi yako haijaisha siku ya amri ya mwisho. Kuna mkutano wa kwanza wa wadai, wa kumchagua trastii na kuthibitisha madai, unatangazwa kwenye gazeti la serikali. Dai lako linaandikwa kwa kiapo na kufikishwa kwa ofisa anayeongoza mkutano si chini ya saa 24 kabla ya saa iliyotangazwa. Mkutano ukiwa saa nne asubuhi ya Jumatano, karatasi iwe mezani kwake kabla ya saa nne ya Jumanne. Mteja wetu mmoja alifika Jumatano saa tatu, kavaa suti, kabeba kila kitu kwenye bahasha ya kaki. Akasubiri mkutano wa pili.